Wembamba Si Sehemu ya Ulemavu: Namna ya Kutambua Matatizo ya Ulaji na Lishe kwa Mtoto Mwenye Mtindio wa Ubongo

SAFU YA AFYA NA USTAWI WA JAMII



Miongoni mwa kauli zinazosikika vijijini na mitaani pindi anapoonekana mtoto mwenye mtindio wa ubongo aliyekonda, ni hii: "Hivyo ndivyo alivyo, ugonjwa wake ndivyo ulivyo." Kauli hiyo husemwa kwa huruma, wala haina nia mbaya. Hata hivyo ina madhara makubwa, kwa kuwa humzuia mzazi, jirani na wakati mwingine hata mtoa huduma asiulize swali lililo muhimu kuliko yote: je, mtoto huyu anakula kiasi gani, na chakula hicho kinafika tumboni?

Somo la toleo hili linajengwa juu ya jambo moja. Mtindio wa ubongo hauli nyama ya mwili wa mtoto. Kinachomkondesha ni chakula kisichotosha, na chakula hakitoshi kwa sababu kutafuna, kumeza na kukaa vimekuwa kazi nzito kwake. Ulemavu hauondoki kwa dawa, lakini njaa inaondoka. Kwa hiyo anayeweza kuitambua mapema njaa iliyojificha nyuma ya ulemavu anaweza kuokoa uhai wa mtoto.

Baada ya kusoma somo hili, msomaji aweze kueleza kwa nini mtoto mwenye mtindio wa ubongo hupata shida ya kula. Kutaja dalili zinazoonekana wakati wa mlo na baada yake. Kufahamu vipimo vinavyofanyika kliniki. Na kujua ni wakati gani mtoto apelekwe kituo cha kutolea huduma bila kuchelewa.

Mtindio wa ubongo ni nini?

Mtindio wa ubongo ni hali inayotokana na ubongo wa mtoto kudhurika, au kutokukua ipasavyo, kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya mwanzo ya uhai wake. Sehemu inayoathirika ni ile inayoongoza misuli. Ndiyo maana mtoto huweza kuwa mkakamavu kupita kiasi, au mlegevu, au mwenye viungo vinavyocheza bila yeye kutaka.

Sababu zake ni nyingi: kuzaliwa kabla ya siku kutimia, kukosa hewa ya kutosha wakati wa uchungu mrefu, umanjano mkali wa mtoto mchanga usiotibiwa, homa ya uti wa mgongo, na malaria kali inayopanda kichwani. Hali hii haiambukizwi. Si laana, si matokeo ya uchawi, wala si adhabu kwa mama. Aidha, jeraha lenyewe la ubongo haliongezeki kadiri siku zinavyokwenda. Hivyo mtoto anayezidi kudhoofika mwezi hadi mwezi anadhoofishwa na jambo jingine, na jambo hilo halina budi kutafutwa.

Kwa nini kula huwa kazi nzito?

Mtu mzima humeza pasipo kufikiri, lakini kumeza ni kazi inayoshirikisha misuli mingi kwa mpangilio maalumu. Midomo hufunga, ulimi hukusanya tonge na kulisukuma nyuma, njia ya hewa hujifunga kwa nukta moja, kisha chakula hupita kwenda tumboni. Ubongo usipoweza kuratibu kazi hiyo, kila hatua huwa na kikwazo chake.

Midomo isiyofunga huacha uji udondoke. Ulimi unaosukuma mbele hukitoa chakula badala ya kukipeleka nyuma. Ndipo watu husema "mtoto anakataa," ilhali hakukataa. Taya linaloweza kukaza ghafla hung'ang'ania kijiko. Kichwa kisichotulia huifanya njia ya hewa ibaki wazi, nacho chakula au maji huingia upande wa mapafu.

Juu ya hayo, mtoto huyu hawezi kujisaidia kama wenzake. Mtoto mwingine wa miaka miwili akihisi njaa huenda jikoni, huvuta kanga ya mama au hulia kwa jina la chakula. Huyu hana miguu ya kumfikisha wala maneno ya kuomba. Hula pale tu anapolishwa, kwa kiasi alichokadiria mwingine.

Dalili zinazoonekana wakati wa mlo

Mzazi ndiye mtu wa kwanza mwenye uwezo wa kuona tatizo, maana yeye huketi na mtoto kila siku. Mambo ya kuangalia ni haya:

1. Mlo mmoja kuchukua zaidi ya dakika 30 mara kwa mara.
2. Kukohoa au kupaliwa wakati wa kula au kunywa, hasa vitu vyepesi kama maji, chai na maziwa.
3. Sauti au pumzi kuwa ya majimaji, kama mtu mwenye maji kooni, baada ya kumeza.
4. Chakula kingi kutoka mdomoni, au maziwa kutokea puani.
5. Kujikunja kinyumenyume, kukakamaa au kulia kila anapoona kijiko.
6. Kuficha chakula shavuni kwa muda mrefu bila kukimeza.
7. Macho kutokwa na machozi, uso kubadilika rangi au pumzi kwenda mbio wakati wa mlo.
8. Kwa mtoto mchanga, kunyonya kwa udhaifu, kuachia titi mara kwa mara, kutokwa na jasho na kusinzia kabla ya kushiba.

Ni muhimu kufahamu kwamba wapo watoto ambao chakula huingia kwenye njia ya hewa bila wao kukohoa hata kidogo. Kwa hiyo kutokukohoa si uthibitisho kwamba mtoto anameza salama.

Dalili zinazoonekana baada ya mlo na siku zinazofuata

Mtoto anayeugua nimonia mara kwa mara, au ambaye kifua chake hakikauki, huenda anavuta chakula au mate mapafuni. Anayecheua au kutapika baada ya kila mlo huenda chakula chenye asidi kinapanda kutoka tumboni na kumuunguza koo, naye huanza kuogopa kula. Kufunga choo kwa siku kadhaa, mkojo mchache wenye rangi nzito, na midomo mikavu huonyesha kwamba maji hayatoshi. Meno yaliyooza au fizi zinazouma huweza kuwa sababu tosha ya kukataa chakula, na mtoto asiyesema hawezi kueleza kwamba jino linamuuma.

Tazama pia mwili wenyewe. Mbavu na mifupa ya mabega kuchomoza, ngozi ya makalio kulegea, nywele kubadilika rangi na kunyofoka, vidonda sehemu anazolalia, uchovu usio wa kawaida na kupungua kwa tabasamu au uchangamfu aliokuwa nao, hizo zote ni alama za mwili unaokosa chakula.

Mfano wa hesabu ya dakika

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka miwili anayetumia dakika 45 kumaliza bakuli moja la uji. Kwa umri wake, tuseme anapaswa kula mara tano kwa siku, yaani milo mitatu mikuu na vitafunwa viwili. Dakika 45 mara tano ni dakika 225, sawa na saa 3 na dakika 45 za kulisha tu kila siku. Mama huyo anapaswa pia kuchota maji, kulima, kupika na kuwaangalia watoto wengine. Matokeo yake yanatabirika: milo mitano hugeuka mitatu, na mitatu hugeuka miwili. Uji nao hufanywa mwepesi zaidi ili uteremke haraka, na kila unapoongezwa maji, nguvu iliyomo katika kila kijiko hupungua.

Hapa hakuna mama mzembe. Kuna mama aliyeachiwa kazi ya watu wawili. Ndiyo sababu swali "Mlo mmoja unachukua dakika ngapi?" linafaa kuulizwa na kila mtoa huduma, kila jirani na kila baba mwenye mtoto wa namna hii.

Vipimo vinavyofanyika kliniki

Kwa macho pekee ni rahisi kudanganyika, hususan mtoto anapovaa nguo nzito au kubebwa mgongoni. Vipimo vifuatavyo husaidia.

Uzito. Mtoto asiyeweza kuning'inia kwenye mizani hupimwa akiwa amebebwa. Mama hupanda mizani pamoja naye, kisha hupanda peke yake, na tofauti ndiyo uzito wa mtoto. Mfano, kilo 60.3 ukiondoa kilo 51.4 hubaki kilo 8.9. Uzito huo huandikwa kwenye kadi ya kliniki kila mwezi. Mstari unaopanda ni habari njema. Mstari uliolala kwa miezi miwili au mitatu mfululizo, au unaoshuka, ni onyo.

Mzingo wa mkono. Utepe wa rangi tatu huzungushwa katikati ya bega na kiwiko cha mkono wa kushoto. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, kipimo chini ya sentimita 11.5, yaani rangi nyekundu, ni utapiamlo mkali. Kuanzia sentimita 11.5 hadi chini ya 12.5, rangi ya njano, ni utapiamlo wa kadiri. Sentimita 12.5 na kuendelea ni rangi ya kijani. Hata hivyo, rangi ya kijani isimfanye mzazi apuuze dalili za kupaliwa au mstari wa uzito unaoshuka.

Uvimbe wa miguu. Mhudumu hubonyeza kwa kidole gumba juu ya miguu yote miwili. Shimo likibaki pande zote mbili, mtoto anahitaji matibabu ya haraka, hata kama anaonekana mnene.

Urefu. Mtoto mwenye viungo vilivyokakamaa hanyooki kitandani, hivyo wataalamu huweza kupima urefu wa muundi na kukadiria urefu wa mwili. Ni kweli kwamba baadhi ya watoto hawa huwa wafupi kuliko wenzao hata wanapolishwa vizuri. Lakini ufupi ni jambo moja, na kukonda ni jambo jingine.

Baadhi ya wazazi huacha kwenda kliniki baada ya chanjo ya pili ya surua na rubela inayotolewa mtoto akiwa na miezi 18. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, kadi isifungwe kabatini. Aendelee kupimwa uzito hadi atimize miaka mitano.

Hatua za kuchukua nyumbani

Mkao ndio mwanzo wa mlo salama. Mtoto akae wima, kichwa kikiwa katikati, kidevu kikiinama kidogo kuelekea kifuani, nyonga na magoti vikunjwe na nyayo zipate pa kukanyaga. Akipakatwa, mkono wa mlishaji uegemeze shingo na mabega. Fundi seremala wa kijijini anaweza kutengeneza kiti cha kona kwa vipimo vya mtaalamu. Baada ya kula, mtoto abaki wima kwa takriban nusu saa.

Mlishaji akae mbele ya mtoto, macho yao yakiwa sawa, kwani mlishaji akisimama, mtoto huinua kichwa na kufungua njia ya hewa. Tumia kijiko kidogo kilicho imara. Weka chakula kidogo, gandamiza ulimi taratibu katikati, ngoja midomo ifunge, kisha toa kijiko. Subiri ameze ndipo umpe kingine.

Chakula kiwe laini na cha namna moja, kisicho na mabonge ndani ya mchuzi mwepesi. Uji mzito kiasi hushuka polepole na humpa mtoto muda wa kufunga njia ya hewa. Uongezewe nguvu badala ya maji: karanga zilizosagwa laini, maziwa, yai lililoiva na kupondwa, dagaa waliosagwa, parachichi au mafuta ya kula. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta hubeba takriban kalori 40, na hakiongezi hata dakika moja katika mlo. Haba na haba hujaza kibaba. Milo midogo yenye nguvu, mara tano au sita kwa siku, humfaa kuliko bakuli kubwa la uji mwepesi.

Mtoto aliye chini ya miezi sita apewe maziwa ya mama pekee. Asiyeweza kunyonya, mama akamue na kumlisha kwa kikombe safi kwa maelekezo ya mhudumu wa afya. Kunyonyesha kuendelee hadi miaka miwili au zaidi pamoja na vyakula vya nyongeza.

Mambo ya kuepuka

Usimlishe mtoto akiwa amelala chali au kichwa kikiwa kimerudi nyuma. Usimzibe pua ili afungue mdomo, wala usimmiminie uji kwa kiganja. Kulisha kwa nguvu huingiza chakula mapafuni, na humfundisha mtoto kwamba chakula ni mateso. Usimlishe akiwa amesinzia sana au wakati wa degedege. Usiache dawa za kifafa kwa sababu zinamletea usingizi. Rudi kwa daktari azipange upya. Usimpe karanga nzima, mahindi ya kuchoma au vipande vigumu vya nyama.

Ikiwa mtoto amekabwa na chakula, hawezi kupumua wala kulia, mlaze kifudifudi juu ya paja, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, kisha mpige kwa kiganja katikati ya mabega hadi mara tano. Usiingize kidole kooni kutafuta kitu usichokiona. Wakati huo huo, mwingine atafute usafiri.

Dalili za hatari: usisubiri siku ya kliniki

Mpeleke mtoto kituoni siku hiyo hiyo endapo hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, anapumua kwa shida au kifua kinabonyea ndani, midomo imekuwa ya bluu, amepata degedege, amelegea na haamki vizuri, hajakojoa kwa saa nyingi, miguu yote miwili imevimba, au utepe umeonyesha rangi nyekundu.

Huduma zilizopo

Safari ya huduma huanzia kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye hupita kaya kwa kaya, na zahanati iliyo karibu nawe. Katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, watoto hupimwa hali ya lishe na wazazi hupewa elimu; mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kupimwa kama wengine. Matone ya vitamini A hutolewa kila baada ya miezi sita kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, naye asiachwe nyumbani siku hiyo. Mtoto mwenye utapiamlo mkali usio na matatizo mengine huweza kutibiwa akiwa nyumbani kwa chakula dawa. Asiyeweza kumeza vizuri, au mwenye dalili za hatari, hulazwa. Mzazi amwambie mhudumu waziwazi kwamba mtoto wake hupaliwa, ili aina ya chakula na namna ya kumlisha ipangwe kwa uangalifu.

Kwa wanaohitaji huduma za utengamao, mazoezi tiba au uchunguzi wa kumeza, rufaa hutolewa kwenda hospitali zenye wataalamu hao. Kwa mujibu wa sera ya afya, watoto walio chini ya miaka mitano wana msamaha wa gharama za matibabu katika vituo vya umma. Afisa Ustawi wa Jamii na Afisa Lishe wa Halmashauri wapo kwa ajili ya familia hizi.

Wajibu wetu

Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inampa kila mtoto haki ya chakula, matibabu na kutobaguliwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 nayo inalinda haki na utu wao. Lakini sheria haiwezi kushika kijiko. Baba ajifunze kulisha, ili mama anaposafiri au anapougua mtoto asilale na njaa. Bibi, dada na kaka wakubwa wafundishwe mkao sahihi. Jirani aonaye mtoto anafichwa ndani asimseme mama pembeni, bali amsindikize kliniki. Wenyeviti wa vijiji na vitongoji wahakikishe kaya hizi zinajulikana na zinafikiwa. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio kitamuumbua. Nasi tuongeze kwamba anayefichua kwa upendo huokoa.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini si sahihi kusema kwamba mtoto mwenye mtindio wa ubongo hukonda kwa sababu ya ulemavu wake?
2. Taja dalili tatu zinazoonyesha kwamba chakula huenda kinaingia mapafuni. Je, mtoto asiyekohoa yuko salama?
3. Katika kaya unayoifahamu, mlo mmoja wa mtoto huyo huchukua dakika ngapi, na ni nani mwingine anayeweza kusaidia kumlisha?
4. Uji unaweza kuongezewa nguvu kwa vyakula gani vinavyopatikana katika kijiji chako?

Msomaji akimaliza somo hili na kumkumbuka mtoto mmoja, basi asisubiri toleo lijalo. Aende leo, aulize kuhusu kadi yake ya kliniki, na kama mstari wa uzito haujapanda, amsaidie mzazi kufika zahanati.

Imeandaliwa na Kitengo cha Mawasiliano cha Halmashauri.